Mtoto wa miaka 17 kakamatwa na kete za bangi? Anza na cheti chake cha kuzaliwa

Binti Mzizima (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Naandika uzi huu baada ya kushinda wiki nzima na mama mmoja jirani yangu. Kijana wake wa kidato cha tatu alibebwa na Defender kutoka kijiweni pamoja na wenzake wanne. Kete saba za bangi ziliokotwa chini ya benchi. Kila aliyekuja kumpa pole alikuwa na ushauri wake: huyu anasema tafuta hela umalizane nao usiku huu huu, yule anasema mwache akome, mwingine anamtajia wakili ambaye ada yake ni bei ya kiwanja. Sikumsikia hata mmoja akimuuliza swali la kwanza kabisa: huyu mtoto kazaliwa lini, na karatasi ya kuthibitisha hilo iko wapi?

Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Na kabla ya kuwa msaidizi wa kisheria nilikuwa dada. Mdogo wangu alikamatwa akiwa na miaka 17 na miezi mitatu. Alipofikishwa kaunta akaulizwa umri, akajibu 19. Kuna mtu ndani ya gari alikuwa amemnong'oneza kwamba mtu mzima hupewa dhamana haraka, mtoto hupelekwa kufungiwa mpaka akue. Kale ka-19 kakaandikwa kwenye maelezo, kakahamia kwenye hati ya mashtaka, na akasomewa kesi kama mtu mzima. Alikaa miezi minne mahabusu na watu wa umri wa baba yake. Nyumbani tulihangaika usiku na mchana kutafuta mashahidi wa kusema bangi haikuwa yake. Cheti chake cha kuzaliwa muda wote huo kilikuwa kwenye begi la mama juu ya kabati. Hakuna aliyetuambia kuwa kile ndicho kilikuwa kinatafutwa.

Sasa niwaeleze kwa nini karatasi ile ina uzito kiasi hicho.

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyorekebishwa 2017, imelipa neno "kusafirisha" maana pana mno. Ndani yake kuna kununua, kuuza, kutoa, kuhifadhi, kubeba, na pia kumiliki. Ndiyo maana mzazi anasomewa kuwa mwanawe "amesafirisha" dawa za kulevya, anabaki kushangaa: kasafirisha wapi, na alikuwa amekaa kwenye benchi? Akisomewa kifungu cha 15A, adhabu yake kwa mtu mzima ni miaka 30 jela. Kipo pia kifungu cha 17, cha aliyekutwa na kiasi kidogo kwa matumizi yake mwenyewe, ambacho adhabu yake ni nyepesi kwa mbali. Kwa hiyo siku ya kwanza mahakamani, tega sikio usikie kifungu kinachotajwa. Mzazi muulize karani au wakili wa serikali, kwa adabu, mpaka uelewe. Kati ya 15A na 17 kuna maisha ya mtu.

Upande wa pili ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 4 kinasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kifungu cha 119 kinasema mtoto hatahukumiwa kifungo cha jela, na kinasema hivyo bila kujali sheria nyingine inasema nini. Isome mara mbili hiyo. Ile miaka 30 haimgusi mtoto. Lakini haimgusi akiwa mtoto mbele ya hakimu, yaani kwenye karatasi. Mahakama haioni ndevu wala urefu, inaona kilichoandikwa kwenye hati mpaka mtu asimame aseme, "Mheshimiwa, huyu ana miaka 17, na uthibitisho huu hapa." Kifungu cha 113 kinaipa mahakama kazi ya kuchunguza umri pale mtu anapoonekana kuwa mtoto. Msisubiri hakimu ashtuke mwenyewe. Ana mafaili marefu mezani.

Uthibitisho: cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, ndicho bora. Hakuna? Leta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule ya msingi, barua ya mwalimu mkuu yenye tarehe ya kuzaliwa kwenye daftari la shule, na mzazi mwenyewe aape. Kitambulisho cha taifa (NIDA) mtoto hana, kwa hiyo mtu asiwazungushe kwa kudai hicho.

Nitaendelea na dhamana na utetezi. Kwanza nisikie maswali yenu.

---

Mlezi wa Buza

Dada, Mungu akubariki. Mimi ni yule yule unayemsema, nimeingia mwenyewe. Swali langu: kijana ameshasaini maelezo polisi kuwa kete ni za kwake. Ameniambia alisaini kwa sababu wenzake wakubwa walimwambia "wewe mdogo, beba, hawatakufanya kitu". Hapo si tumekwisha?

---

Binti Mzizima

Hapana mama, hamjaisha, ila mmepata kazi.

Hayo aliyosaini polisi huitwa maelezo ya onyo, na yana masharti yake. Yanatakiwa kuandikwa ndani ya saa 4 tangu mtu akamatwe, isipokuwa kama muda umeongezwa kwa utaratibu. Mtu anatakiwa aambiwe kwanza kuwa halazimiki kusema lolote. Na akiwa mtoto, polisi wana wajibu wa kumjulisha mzazi au mlezi. Sasa kaa chini na kijana, andikeni kwenye daftari, kabla hajasahau: alikamatwa saa ngapi, alifika kituoni saa ngapi, maelezo yaliandikwa saa ngapi, nani alikuwepo chumbani, wewe ulipigiwa simu saa ngapi, alipigwa au kutishiwa? Simu yako ina kumbukumbu ya muda wa kupigiwa. Usiifute.

Upande wa mashtaka ukitaka kuyatoa maelezo hayo kama kielelezo, hapo hapo ndipo panapopingwa. Akisema hakuyatoa kwa hiari, mahakama inasimamisha kesi kubwa na kusikiliza kwanza suala hilo peke yake. Mkinyamaza yakapokelewa, kuyakataa baadaye wakati wa utetezi kunakuwa na nguvu ndogo sana.

Na hilo la "wewe mdogo, beba" nimelisikia mara nyingi mno, na linaniumiza kila nikilisikia. Wakubwa wanajua sheria inamlinda mtoto, wanamfanya gunia la kubebea mzigo wao.

---

Askari Mstaafu

Naomba nichangie kwa yale niliyoyafanya kwa miaka 27 ya kazi. Sitaki kutetea uhalifu, nataka kazi ifanyike sawasawa.

Kesi ya dawa za kulevya inasimama au inaanguka kwenye kielelezo. Siku ya upekuzi anatakiwa awepo shahidi huru: balozi, mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, au hata mpita njia asiye na upande. Inajazwa hati ya ukamataji mali, inaandikwa kilichokamatwa na wapi, inasainiwa na aliyekamata, aliyekamatwa na shahidi. Kama zilikuwa kete saba chini ya benchi, iandikwe saba na iandikwe chini ya benchi. Nimeona hati imeandikwa "alikutwa nazo mfukoni" wakati askari mwenzangu aliziokota mita mbili kutoka pale.

Halafu safari ya zile kete. Nani alizishika pale kijiweni? Zilikabidhiwa kwa nani kituoni, saa ngapi, na daftari la vielelezo linasema nini? Zilifungwa kwenye bahasha yenye lakiri? Nani alizipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, nani alizipokea, zilipimwa uzito gani, zilirudi na nani? Kila mkono uliozigusa uwe na karatasi au shahidi. Mahakama ya Rufani imelisisitiza hili wazi kwenye Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007, na mawakili wanautaja uamuzi huo mpaka leo. Pale kituoni zimesemwa saba, kwa mkemia zikapokelewa tisa, hapo mashaka yameingia, na mashaka ni mali ya mshtakiwa.

Niseme na upande wa pili msije mkadanganyika: mahakama haitupi kesi kwa kila kasoro ndogo. Kama mashahidi wanaeleweka na kielelezo ni kile kile, pengo dogo la karatasi linaweza kufunikwa. Ila kete ni kitu kidogo, kinabadilishwa kirahisi, hivyo kwa kete mahakama huwa makini zaidi kuliko kwa gari au ng'ombe.

---

Mnyonge Hana Haki

Samahani wakuu, mimi naona mnafundisha wavuta bangi kukwepa mkono wa sheria. Mtaani kwetu vijana wameharibika. Waachwe wafungwe wakome.

---

Binti Mzizima

Ndugu yangu, hasira yako naielewa, nami naishi mtaa huo huo. Lakini hebu fikiri anarudi nani. Mdogo wangu aliingia mahabusu akiwa amevuta bangi mara mbili tatu na wenzake. Mle ndani ndiko alikoonyeshwa unga kwa mara ya kwanza, na watu wazima. Tumemsaidia kwa miaka kadhaa kutoka huko. Ingekuwa kumtenga na watu wazima kumefuatwa siku ile, mama yangu asingezeeka vile.

Na mahakama ya watoto haimwachi mtoto aende zake akacheke. Inakaa faragha, afisa ustawi wa jamii yupo, mzazi anatakiwa awepo. Afisa ustawi anakuja nyumbani kwako, anaongea na mwalimu, anaongea na majirani, anaandika ripoti. Baada ya hapo hakimu anaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, kumkabidhi kwa mtu anayefaa au taasisi, kumtoza mzazi faini, au kumpeleka shule ya maadilisho iliyoko Irambo, Mbeya. Mtoto akichukuliwa Dar kupelekwa Mbeya, mzazi anamwona mara ngapi kwa mwaka? Hiyo si adhabu ndogo.

---

Mwalimu wa Zamu

Dhamana je? Mwanafunzi wangu mmoja alinyimwa, tukaambiwa "kesi za dawa hazina dhamana".

---

Binti Mzizima

Mwalimu, hiyo sentensi ndiyo inayowavunja wazazi wengi moyo mapema. Sheria ya Mtoto inaelekeza kuwa mtoto aliyekamatwa, kama hawezi kufikishwa mahakamani mara moja, aachiwe kwa dhamana ya mzazi au mlezi, isipokuwa kwa sababu maalumu: kosa likiwa la mauaji au lenye adhabu ya kifungo kinachozidi miaka 7, au ikibidi kumtenga na watu wabaya, au kumwachia kukiharibu haki. Ndiyo maana nikasema tega sikio kifungu. Hati ikiandikwa kusafirisha, mlango wa dhamana unakuwa mwembamba. Ikiandikwa kiasi kidogo cha matumizi, unafunguka. Uzito uliopimwa na mazingira ya ukamataji ndiyo hoja ya kuomba hati irekebishwe, na mwenye kuijenga vizuri ni wakili.

Akinyimwa dhamana, ombeni apelekwe mahabusu ya watoto. Dar ipo Upanga. Ipo pia Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya. Pasipo na mahabusu ya watoto, sharti la kumtenga na watu wazima bado lipo palepale. Liombeni mbele ya hakimu liandikwe kwenye mwenendo wa kesi.

Kuhusu pesa za wakili: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo. Nendeni LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu), nendeni TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), au muulizeni hakimu moja kwa moja kama mtoto anaweza kupangiwa wakili wa bure. Kuuliza si kosa.

---

Kijana wa Tarakea

Mimi niko mpakani Rombo. Huku kesi yetu si bangi, ni mirungi. Upande wa Kenya inauzwa hadharani, watu wanatafuna mchana kweupe. Mtoto anatumwa avuke na fungu kwa buku mbili, akikanyaga huku ni dawa ya kulevya kwa sheria ile ile ya 2015. Kesi moja niliyoishuhudia mtoto alilia, "lakini pale ng'ambo kaniuzia mama mzee sokoni!" Alikuwa anasema kweli. Haikumsaidia.

---

Binti Mzizima

Asante sana kwa hili. Kutojua sheria si utetezi. Lakini kutojua ulichobeba ni utetezi, na watu wanavichanganya hivi viwili. Mtoto aliyepewa begi lililofungwa apeleke kwa mtu fulani, akiambiwa ni nguo, ana hoja, kwa sababu umiliki unahitaji mtu ajue kitu kipo na awe na mamlaka nacho. Mtoto aliyejua ni mirungi ila akadhani inaruhusiwa, hoja yake ni ya kupunguziwa tu.

---

Pwani Moja

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kwa jinai hadi miaka 12, na aliye chini ya 14 anachukuliwa kuwa hajui jema na baya hadi ithibitishwe vingine. Pia kuna utaratibu wa kumwondoa mtoto kwenye kesi kabla haijafika mbali, akapelekwa kwa ushauri nasaha au kazi za kijamii badala ya kushtakiwa. Mtu mzima anayepatikana na bangi ya kuvuta mwenyewe, tangu mabadiliko ya 2022, anakabiliwa na kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000 za Kenya. Sheria nzuri tunazo. Shida huku ni mtoto kulala seli Ijumaa hadi Jumatatu pamoja na walevi.

---

Binti Mzizima

Pole ndugu wa Pwani. Ijumaa ni adui wa kila mtu. Na wa Zanzibar mnaosoma: Sheria ya Mtoto ya 2009 haivuki maji, ninyi mna sheria yenu ya mwaka 2011, tumieni hiyo.

Sasa nirudi kwa Mlezi wa Buza, maana kesi yake ina jambo ambalo nataka watu walielewe vizuri.

Kete zilikuwa chini ya benchi, vijana watano. Kanuni ya Adhabu inasema kama mmoja katika kundi ana kitu, na wengine wanajua na wameridhia, wote wanahesabiwa kuwa nacho. Watu husikia nusu ya kwanza wakakata tamaa. Nusu ya pili ndiyo ya kushika: wanajua na wameridhia. Kukaa benchi moja hakutoshi. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ndiyo inayotakiwa kuthibitisha kuwa kijana wako alijua na aliridhia.

Hapo familia inafika njia panda. Njia ya kwanza ni kusema "si zangu, sikujua". Ya pili ni kusema "ni zangu, ni za kuvuta, nisaidieni", ili kesi ishuke kwenye kiasi kidogo. Huwezi kupita zote mbili. Nimeona wakili wa kujitolea akihangaika kwa sababu mzazi alimwambia hakimu hivi asubuhi, mtoto akasema vile mchana. Kaeni na wakili, mchague kufuatana na ukweli. Kama kijana kweli anavuta, njia ya pili kwa mtoto si ya kuogopwa: ripoti ya ustawi ikionyesha ameanza kuonana na mshauri, shule iko tayari kumpokea, nyumbani kuna mtu wa kumsimamia, hakimu ana cha kushika. Kwa walioingia kwenye heroini zipo kliniki za methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, Muhimbili ilianza 2011, na barua ya kliniki faili la ustawi linaipokea. Kama havuti na zile kete hazijui, asikiri kitu asichokijua ili kesi iishe haraka. "Ni kweli" inasemwa kwa sekunde moja.

Na hela ya kumalizana usiku huu: usitoe, mama. Ni kosa jingine, na utakuwa wewe mshtakiwa wakati mtoto anakuhitaji nje.

---

Mlezi wa Buza

Dada, nimerudi kutoka mahakamani. Hati ilikuwa imeandika miaka 18. Nimesimama kama ulivyoniambia, miguu inatetemeka, nikatoa kadi ya kliniki na barua ya mwalimu mkuu. Cheti cha RITA hatuna, tulikuwa hatujawahi kukifuata. Hakimu amezisoma, amemwita afisa ustawi, ameagiza umri uchunguzwe na kijana atengwe na wale wenzake leo hii. Kesi imeahirishwa hadi Jumatano ijayo. Kosa lililoandikwa ni kusafirisha, gramu zimetajwa 9.

---

Binti Mzizima

Mama umefanya kazi kubwa leo. Gramu 9 na neno "kusafirisha": hiyo ndiyo hoja ya wakili Jumatano. Kesho asubuhi nenda RITA na kadi ile ile ya kliniki, uanze maombi ya cheti, na risiti ya maombi uje nayo. Mpigie mwalimu wa darasa umwombe awepo, ajue kuwa afisa ustawi atampigia. Yule mwenyekiti wa mtaa aliyesaini hati ya ukamataji, usiende kumshawishi chochote. Mwache aseme alichokiona. Wewe niandikie tu jina la mtaa na saa ya tukio kwa ujumbe wa faragha, nitampa wakili. Kijana mpelekee sweta, na daftari lake la Hisabati kama wataruhusu.